Upasuaji wa goti: Linda damu yako kabla ya kuomba ya jirani

Msomaji, huenda umewahi kupokea ujumbe wa simu usiku wa manane: "Mama anapasuliwa goti kesho asubuhi. Daktari anataka painti 2 za damu. Mwenye damu ya kundi O tafadhali ajitokeze." Ujumbe huo huzunguka kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, kutoka kikundi cha kanisa hadi cha chama, na kufikia alfajiri vijana watatu wamekwisha kupanda matatu kwenda kutolewa damu. Tumezoea kuliona jambo hili kuwa ishara ya upendo. Ni upendo kweli. Lakini mimi kama daktari nauona pia kuwa ushahidi kwamba kuna kazi iliyopaswa kufanywa wiki 6 nyuma, nayo haikufanywa.

Kubadilishiwa goti si sawa na ajali ya barabarani. Hakuna aamkaye asubuhi akakuta goti limechakaa na likahitaji kubadilishwa kabla ya jua kuchwa. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huliwa polepole kwa miaka mingi, hadi mtu akasema "mafuta yamekwisha gotini". Upasuaji wenyewe hupangiwa tarehe. Kwa hivyo jambo lenye miezi mitatu ya matayarisho halistahili kugeuzwa la dharura usiku wa mwisho.

Maoni yangu ni haya: damu iliyo salama zaidi kwa mgonjwa wa goti ni ile ambayo tayari imo mwilini mwake. Kuilinda ni wajibu wa daktari anayemwona mgonjwa kwanza, wa hospitali inayompasua, na wa mgonjwa mwenyewe. Nasema hivi nikijua kwamba nami nimewahi kuukwepa wajibu huo.

Damu ilikuwa ikienda wapi?

Nianze basi na kosa langu. Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 67, alikuja kwangu kwa miaka kadhaa akilalamikia magoti. Kila alipokuja nilimwandikia diklofenaki, naye akaondoka akiwa na nafuu. Alipofikia hatua ya kutoweza kupanda ngazi za kanisa, nilimwandikia barua ya kwenda kumwona mpasuaji wa mifupa. Barua yangu ilieleza hali ya goti, presha yake na picha ya eksirei. Haikusema lolote juu ya damu yake, kwa sababu sikuwa nimeipima.

Siku ya upasuaji iliwadia. Watoto wake walikuwa wamefika kutoka Eldoret na Mombasa, ruhusa zimeombwa kazini, pesa zimechangwa. Mama mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu usiku. Saa mbili asubuhi majibu ya maabara yakaletwa: himoglobini gramu 8.6. Daktari wa nusukaputi alikataa kuendelea, na alikuwa na haki. Mama akarudishwa nyumbani na goti lake lile lile.

Alipokuja kuniona juma lililofuata hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Daktari, damu yangu ilikuwa ikienda wapi miaka hii yote?"

Ilikuwa ikienda tumboni. Dawa za maumivu nilizokuwa nikimwandikia zilikuwa zimechubua utando wa tumbo, kukawa na kidonda kilichovuja damu kidogo kidogo, kiasi kwamba macho hayangeweza kuitambua chooni. Uchovu aliokuwa akiulalamikia, nami nikauita uzee, ulikuwa upungufu wa damu.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu si cha ajabu. Wagonjwa wengi wa magoti ni watu wa makamo na wazee ambao wamemeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa miaka, nyingine wakizinunua wenyewe dukani bila kumwona daktari. Goti linalomtuma mtu kwa mpasuaji ndilo hilo hilo lililomtuma kwenye dawa zinazomwaga damu yake. Anayepanga kupasuliwa akiwa tayari amepungukiwa ni kama msafiri anayeondoka Nairobi kwenda Mandera na tangi la petroli likiwa nusu.

Kwa nini goti hutoa damu nyingi

Katika upasuaji huu, mpasuaji hukata kwa msumeno ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa goko, kisha akaweka vipande vya chuma na plastiki ngumu mahali pake. Ndani ya ncha hizo mfupa uko kama sifongo, na sifongo hiyo imejaa damu. Mshipa uliokatika waweza kufungwa kwa uzi au kuchomwa ukazibika. Mfupa uliokatwa hauna mdomo wa kufungwa, huchuruzika tu.

Wapasuaji wengi hubana paja kwa mkanda wa hewa ili damu isifike gotini wakati wa kazi. Kwa hiyo chumba cha upasuaji chaweza kuonekana kikavu, na jamaa wakaambiwa kwamba "hakupoteza damu nyingi". Lakini mkanda ukifunguliwa, damu huanza kuvuja ndani ya kiungo na katika nyama za paja, mahali isipoonekana. Ndiyo maana mgonjwa aweza kutoka chumbani akiwa mzima, kisha siku ya pili au ya tatu akawa amepauka, ana kizunguzungu, na mguu umevimba na kuwa na rangi ya zambarau.

Tukijumlisha ile inayoonekana na ile iliyojificha, mgonjwa asiyechukuliwa hatua za kinga aweza kupoteza lita 1 hadi lita 1 na nusu. Mwanamke wa kilo 60 ana damu ipatayo lita 4 tu mwilini. Piga hesabu mwenyewe. Himoglobini yake aghalabu hushuka kwa gramu 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Aliyeingia na gramu 13 atatoka na 10 na atatembea. Aliyeingia na 10 atatoka na 7, na hapo ndipo ujumbe wa simu huanza kuzunguka.

Kazi ya kwanza: kabla ya hospitali

Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamume mwenye himoglobini iliyo chini ya gramu 13, na mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya gramu 12, ana upungufu wa damu. Kipimo chake ni rahisi na hupatikana karibu kila mahali palipo na maabara. Kifanywe wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ya upasuaji, wala si asubuhi ile ile. Kipimo cha asubuhi ya upasuaji huweza tu kukuvunja moyo, hakiwezi kukutibu.

Upungufu ukipatikana, usikubali kupewa vidonge vya madini ya chuma ukaenda zako bila mtu kutafuta chanzo. Yawezekana ni vidonda vya tumbo kama vya yule mwalimu. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, yawezekana ni uvimbe wa kizazi unaomfanya atokwe na damu nyingi. Yawezekana ni minyoo ya safura, malaria ya mara kwa mara, ugonjwa wa figo au, Mungu apishe mbali, saratani ya utumbo ambayo haijajitokeza kwa njia nyingine. Mara nyingine kipimo kilichofanywa kwa sababu ya goti ndicho kimeokoa maisha ya mtu kwa sababu nyingine kabisa.

Vidonge vya madini ya chuma huhitaji muda. Himoglobini haipandi kwa usiku mmoja kama unga wa mandazi. Kwa wiki 6 hadi 8 mtu huweza kupata gramu 2 au zaidi, ikiwa chanzo cha uvujaji kimezibwa na kama anameza dawa inavyotakiwa. Vidonge hivi hufanya choo kiwe cheusi na huweza kufunga tumbo. Usitishike ukaviacha, mwambie daktari wako. Anayeshindwa navyo, au ambaye muda umembana, aweza kupewa madini hayo kwa njia ya mshipa.

Na hapa nina ugomvi mdogo na chai yetu. Wakenya wengi humeza dawa kwa chai na huteremsha chakula kwa chai. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe na mwili. Meza kidonge chako kwa maji au kwa maji ya machungwa, kisha ungoje saa moja au mbili kabla ya kikombe cha chai. Kula maini, nyama, omena, ndengu, maharagwe na mboga kama managu na terere. Lakini usidanganyike kwamba mboga peke yake itamtoa mtu kutoka gramu 8 hadi 12 kabla ya tarehe aliyopewa.

La pili ni dawa unazotumia. Mweleze mpasuaji na daktari wa nusukaputi kila unachomeza, hata kama ni cha mitishamba na hata kama umepewa na shangazi. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki hupunguza uwezo wa damu kuganda. Wafarini kwa kawaida huachwa siku 5 kabla ya upasuaji, klopidogreli siku 5 hadi 7, na zile mpya kama rivaroksabani siku 2 hadi 3. Vidonge vya vitunguu saumu na vya ginko navyo hudhaniwa kuongeza uvujaji, kwa hivyo ni heri vikaachwa mapema.

Hata hivyo, nakusihi, usiache dawa ya moyo au ya kuzuia damu kuganda kwa sababu umesoma gazetini. Yuko aliyewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo, ambaye akiiacha aspirini yake atapata madhara makubwa kuliko uvujaji wa goti. Uamuzi wa nini kiachwe, lini, na kirudishwe lini ni wa daktari anayekujua. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba anayajua yote.

Dawa ya mama mmoja wa Japani

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Kuna dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo naamini kila mgonjwa wa goti anapaswa kuijua kwa jina, hata kama ulimi utakwama.

Mwili wetu huziba jeraha kwa kutengeneza wavu wa nyuzinyuzi uitwao faibrini, ambao hushika chembe za damu na kufanya donge. Lakini mwili huo huo una kitu kingine, plazimini, ambacho kazi yake ni kuyeyusha madonge yasiyohitajika. Baada ya upasuaji, na hasa mkanda wa paja unapofunguliwa, kiyeyushaji hiki hufanya kazi kwa pupa, na donge lililokuwa limeziba mfupa huanza kubomoka. Asidi ya traneksamiki huzuia ubomoaji huo. Haitengenezi donge jipya. Hulinda lile ambalo mwili umekwisha kulijenga.

Dawa hii ilivumbuliwa Japani na mke na mumewe, Utako na Shosuke Okamoto, ambao walitangaza matokeo yao mwaka 1962. Utako Okamoto alikuwa akitafuta njia ya kuwaokoa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Alifanya kazi akiwa na mtoto mchanga, na husimuliwa kwamba alimbeba mgongoni maabarani. Alipowapelekea wakunga wa kiume wa siku zile dawa yake, hawakuvutiwa. Ilimbidi angoje zaidi ya nusu karne: utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo vya akina mama vinavyotokana na kuvuja damu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 20,000 waliojeruhiwa katika nchi 40 ulikuwa umeonyesha kwamba huokoa maisha ya majeruhi, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Bi Okamoto alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya matokeo aliyoyangoja kuchapishwa.

Kwa upande wa goti, ushahidi ni mwingi na unaelekea upande mmoja. Dawa hii hupunguza damu inayopotea kwa kiasi cha thuluthi moja hivi, na idadi ya wagonjwa wanaohitaji kuongezewa damu hupungua kwa zaidi ya nusu. Hutolewa kwa mshipa, mara nyingi gramu 1 kabla ya kisu na nyingine baadaye, au humwagwa ndani ya goti kabla ya kufungwa. Hata vidonge vya kumeza saa 2 hivi kabla ya upasuaji hufanya kazi vizuri. Wala si dawa ghali. Ukiilinganisha na gharama ya kukusanya, kupima, kuhifadhi na kusafirisha painti moja ya damu, ni nafuu kubwa.

Wapo madaktari wanaosita, na hofu yao si ya kijinga. Huuliza: ikiwa dawa hii hulinda madonge, je, haitaleta donge katika mshipa wa mguu, wa mapafu, au kiharusi? Swali hilo limefuatiliwa kwa makini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata wagonjwa 9,535 waliofanyiwa upasuaji mbalimbali usio wa moyo. Uvujaji mkubwa uliwapata 9.1 katika kila 100 waliopewa dawa, na 11.7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Matatizo ya moyo na mishipa yaliwapata 14.2 katika kila 100 upande mmoja, na 13.9 upande wa pili. Tofauti hiyo ni ndogo sana, ingawa watafiti wenyewe walisema hawakuweza kuifuta hofu hiyo kabisa. Katika tafiti za goti lenyewe, ongezeko la madonge halijaonekana.

Hii haina maana kwamba kila mtu apewe bila kuulizwa. Mwenye donge la damu mwilini kwa wakati huo, mwenye figo mbovu na mwenye kifafa wanahitaji uangalifu wa pekee, na wengine hawafai kuipata. Tena wahudumu wasiiweke kando ya dawa za ganzi ya mgongo: kumetokea makosa ya kuidunga uti wa mgongo kwa kudhani ni ganzi, na watu wakafa. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2022. Dawa nzuri mahali pabaya huwa sumu.

Mambo madogo yenye faida kubwa

Dawa hiyo si uchawi, wala haifanyi kazi peke yake. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo humwacha mgonjwa macho, kwa jumla huambatana na kuvuja damu kidogo kuliko nusukaputi ya kulala kabisa. Mgonjwa akiachwa apate baridi, damu yake huganda vibaya. Blanketi yenye joto chumbani ni tiba kamili, si anasa.

Ule mpira wa kufyonza damu ambao zamani uliachwa gotini kwa siku moja au mbili umeonekana kuwa hausaidii kama tulivyodhani. Wagonjwa waliowekewa waliongezewa damu mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuwekewa. Hata mkanda wa paja umeanza kutiliwa shaka: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020 yaligundua kwamba wagonjwa waliofungwa mkanda walikuwa na maumivu zaidi baadaye na madhara makubwa zaidi. Wapasuaji bado wanajadiliana, nami sitawaingilia. Ninalotaka ujue ni kwamba desturi za hospitali si amri za Musa; zinaweza kuulizwa na zinaweza kubadilika.

Baada ya upasuaji, barafu juu ya goti, bendeji iliyofungwa vizuri na kulikunja goti kidogo katika saa za mwanzo husaidia. Aidha, kutembea siku ile ile au ya pili yake, pamoja na dawa ya kuzuia madonge, hulinda mishipa. Hapa pana mizani: tunazuia kuvuja bila kuleta kuganda kusikotakiwa. Ndiyo maana haifai mgonjwa kujiongezea au kujipunguzia dawa kwa ushauri wa jirani wa kitanda.

Painti ya damu si dawa ya nguvu

Kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwetu madaktari, kwamba painti moja ya damu humpa mgonjwa nguvu na kumharakisha kupona. Wapo wanaoiomba kama wanavyoomba maji ya glukosi. Imani hii yafaa iachwe.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 2,016 wa miaka 50 na zaidi waliopasuliwa kwa kuvunjika nyonga, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Nusu yao waliongezewa damu kila himoglobini iliposhuka chini ya gramu 10. Wengine walingojewa hadi iwe chini ya 8, au hadi waonyeshe dalili. Baada ya siku 60 hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili katika vifo wala katika uwezo wa kutembea. Ikiwa wazee wenye mioyo dhaifu hawakupata faida ya damu ya ziada, sembuse mtu aliye na gramu 9, anayekula vizuri na kutembea kwa magongo?

Damu ya hapa nchini hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kwa sababu hiyo ni salama kuliko ilivyokuwa zamani, lakini hakuna kipimo kisicho na mwanya. Isitoshe, mzee aliyeongezewa haraka aweza kujaa maji mapafuni. Makosa ya kubadilisha chupa hutokea. Na tafiti nyingi zimeona kwamba wanaoongezewa damu hupata maambukizi zaidi katika goti jipya. Goti bandia lililooza ni msiba wa miezi, pengine wa miaka.

Nisieleweke vibaya. Aliyeshuka chini ya gramu 7, au anayeumwa kifua, anayehema au anayezimia, anahitaji damu, na aipokee kwa shukrani. Kumnyima ni kumuua. Ninachopinga ni damu inayotolewa kwa mazoea, na ile inayohitajika kwa sababu tu hakuna aliyejali mapema.

Friji ni ya wote

Msomaji, fikiria ni nani mwingine anayeingoja chupa hiyo. Ni mama anayevuja baada ya kujifungua. Ni mtoto aliyemalizwa damu na malaria. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori, na mgonjwa wa saratani anayepata matibabu makali. Hao hawakupewa wiki 6 za kujiandaa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi huhitaji uchangiaji wa damu unaolingana angalau na mtu 1 katika kila 100. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, iliyotuonyesha kuwa tu milioni 47.6, hiyo ni chupa zipatazo 476,000 kila mwaka, na tangu hapo tumeongezeka. Kwa miaka mingi wachangiaji wetu wakubwa wamekuwa wanafunzi wa shule za upili. Shule zikifungwa, friji hukauka. Mwaka 2019 msaada mkubwa wa Marekani kwa huduma ya damu ulipokoma, tuliona jinsi tulivyokuwa tumeegemea mkono wa mwingine. Painti inayookolewa gotini haihitaji kampeni wala mfadhili.

Ndiyo maana nazitaka hospitali zetu, za umma na za kibinafsi, ziache kuitisha wachangiaji kama sharti la kwanza la kupasuliwa goti. Sharti la kwanza liwe kipimo cha himoglobini wiki 6 kabla. La pili liwe tiba ya upungufu uliopatikana. La tatu liwe asidi ya traneksamiki kwa kila asiye na kizuizi. Baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya painti za akiba.

Nasi madaktari wa kawaida, tunaowaona wagonjwa hawa miaka kumi kabla ya mpasuaji kuwaona, tusijifiche nyuma ya koti la bingwa. Barua ya kumtuma mgonjwa wa goti isiyo na kipimo cha damu ni barua isiyokamilika. Nimeandika nyingi za aina hiyo. Siandiki tena.

Nawe msomaji, ukipangiwa upasuaji huu, au ukimsindikiza mzazi wako, uliza maswali haya bila haya: Damu yangu ni gramu ngapi leo? Ikiwa imepungua, chanzo ni nini? Ni dawa zipi niache, na lini? Nitapewa asidi ya traneksamiki, na kama sitapewa, kwa nini? Mtaniongezea damu ikifika kiwango gani? Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, bado ni haki yako kujibiwa.

Yule mwalimu alitibiwa kidonda chake, akaacha diklofenaki, akameza madini ya chuma kwa maji badala ya chai, jambo ambalo alisema lilikuwa gumu kuliko upasuaji wenyewe. Miezi 4 baadaye himoglobini yake ilikuwa gramu 12.8. Alipasuliwa, akapewa dawa ya Bi Okamoto, na siku ya tatu alikuwa na gramu 10.4. Hakuongezewa hata tone.

Kijana wake aliyekuwa amefika kutoka Mombasa tayari kutoa damu hakuhitajiwa wodini. Mama yake alimwambia asirudi nayo bure, akaitoe kwa ajili ya wengine. Akaenda, akaitoa.